Maji Yanapoingia Stoo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla abiria hawajaanza kufika, mshonaji mzee wa kwenye gati la boti za matembezi alifunika cherehani kwa nailoni, akapandisha chupa ya chai kwenye rafu, akafunga kamba za viatu vyake pamoja na kuvivaa shingoni. Kisha akasimama kungoja maji.

Maji yaliingia stoo kupitia chini ya mlango, taratibu kama mgeni mwenye adabu. Yalikuwa maji ya ziwa, yenye ubaridi na harufu ya majani. Yalipanda hadi kiunoni, yakatulia muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, yakarudi yalikotoka. Nje palikuwa pakavu, na ziwa lilikuwa kule chini ya gati, mahali pake pa siku zote.

“Leo yamewahi kama mkwe asiyealikwa,” alisema muuza tiketi, mama mmoja wa maneno mengi, akipandisha gauni.

Katika muda ule mfupi, majaketi ya kujiokolea yaliyoning’inia ukutani yalijitoa kwenye misumari na kuingia majini. Machache yalielea. Mengine yalizama na kukaa sakafuni kama mafiga. Yaliyozama ndiyo yaliyopendeza zaidi. Jua lilipoyala majaketi ya zamani, mwenye boti aliyapeleka kwa fundi wa magodoro, yakarudi na kitambaa kipya cha rangi ya chungwa na sponji nene ndani. Sponji hunywa maji. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu pale gatini, kama inavyojulikana kwamba fulani hukoroma.

Mshonaji alikuwa ameyatia yanayoelea alama ya uzi mwekundu begani. Nahodha alipogawa majaketi, alitafuta uzi ule kwanza, akawavisha watoto, wajawazito na wazee. Jaketi la mwisho alilivaa yeye, na la mwisho halikuwa na uzi kamwe. Nahodha alikuwa binti wa pekee wa mshonaji.

Mwenye boti walimwita Rangi Mpya, kwa sababu kila kilichoharibika alikipaka rangi. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa mtupu, lakini mwekundu kuliko nyanya. Boya la kumrushia mtu aliyeanguka majini alilipigilia misumari ubavuni mwa boti lisije likaibwa. Hakuwa mtu mkali. Wiki ile alikuja na mkate wa moto kwa ajili ya mshonaji, na kibunda cha uzi mwekundu.

“Bibi, ule mshono wa begani umependeza. Tia kwenye yote, yafanane. Mkaguzi anakuja Jumamosi.”

“Macho yangu yamechoka, mwanangu.”

“Basi pumzika, mama. Muuza tiketi atashona.”

Muuza tiketi alishona. Alikuwa na watoto nyumbani, na mkono wake ulikuwa mzuri. Ilipofika Jumamosi, hapakuwa na jaketi lisilo na uzi mwekundu.

Siku hiyo boti ilikodiwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni pamoja na familia zao. Walikuwa wamekwisha kupanga foleni gatini, wakiimba, na upepo ulikuwa umeanza kupiga bendera. Mshonaji alisimama stoo, viatu shingoni, akiomba maji yamtangulie mkaguzi. Alitaka kuona tena lipi linaelea, alishike moja, amfungie binti yake kwa mikono yake mwenyewe.

Maji na mkaguzi viliingia pamoja.

Mkaguzi alikunja suruali, akaona haisaidii, akaikunjua. Rangi Mpya alimshika mkono asiteleze. Majaketi yalishuka kutoka ukutani, na mengi yakaenda zake chini. Moja lilijilaza juu ya kiatu cha mkaguzi.

“Sheria inataka kila aliye chomboni awe na jaketi lake,” alisema mkaguzi.

“Yapo, mheshimiwa. Hata ya akiba.”

“Linalomtosha mwilini.”

“Yanawatosha. Mapya kabisa.”

Mkaguzi aliutoa mguu wake chini ya jaketi lile. “Hili linanilemea.”

“Ni zito kwa sababu ni imara.”

“Sawa,” alisema mkaguzi. “Stoo yenu ina unyevu, lakini vifaa vimekamilika.”

Mshonaji alikuwa amekwisha kukamata jaketi moja lililoelea. Alilikumbatia hadi gatini, akamvisha binti yake, akakaza mikanda, akajaribu filimbi ya jaketi. Ililia.

“Usilivue.”

“Sawa, mama.”

“Sema hulivui.”

Nahodha alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamtazama mama mmoja wa kiwandani aliyepakata mtoto mchanga, huku maji yakichuruzika kutoka kwenye jaketi alilogawiwa kama nguo iliyotoka kufuliwa. Akafungua mikanda.

“Dada, tubadilishane. Hilo lako litakulowesha mtoto.”

“Ahsante, dada. Mungu akuzidishie.”

Boti ikaondoka.

Mshonaji alirudi stoo. Maji hayakuwa yametoka. Yalisimama pale pale kiunoni, kana kwamba nayo yanangoja. Boti ilipofika katikati ya ziwa na upepo kugeuka, yalianza kutikisika. Mawimbi madogo yakapiga ukuta, yakapiga cherehani, yakapanda hadi kifuani mwa mshonaji. Muuza tiketi aliingia, akamshika mkono. Mkono uliomshika ulikuwa bado na vidonda vya sindano. Chupa ya chai ilianguka kutoka kwenye rafu, ikaelea vizuri kuliko majaketi.

“Hii ndiyo tungempa nahodha,” alinong’ona muuza tiketi, wala hakucheka.

Walisimama hivyo mpaka maji yakatulia, yakashuka, yakatoka chini ya mlango. Ndipo waliposikia injini.

Walirudi wote. Wafanyakazi wa sabuni walikuwa wametapika na hawakuimba tena. Nahodha alikuwa wa mwisho kushuka. Alikuwa ametumia safari nzima kuchota maji kwa ndoo, na jaketi lilikuwa zito kiasi kwamba ilibidi mama yake alikate mikanda ili limtoke.

“Mnaona?” alisema Rangi Mpya kwa furaha ya kweli. “Wote salama, na majaketi yao.”

Akaagiza yaanikwe, yawe makavu kwa safari ya Jumamosi inayofuata.

Siku ya pili alimleta seremala kupandisha rafu juu, chai isianguke tena. Seremala alipomaliza, alimtazama mshonaji, akatafuta mfukoni, na kwa huruma yake akampigilia msumari mmoja ukutani, juu kabisa, wa kutundikia viatu.