Mwito wa Saa Kumi na Mbili

Jumanne moja ya Machi 2014, Apolline alifika kwenye kibanda cha Byamungu huko Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akiwa na daftari na kalamu mbili, moja nyekundu. Byamungu alikuwa fundi simu, tena akichajia watu simu zao. Siku hiyo arobaini na moja zilikuwa zimelala ubaoni, kila moja imebandikwa namba. Alimpa mgeni kiti kizima, yeye akakalia kile cha miguu mitatu. Hao wawili walikuwa kamati. Walichaguliwa Jumapili baada ya ibada, Apolline kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wake unasomeka, Byamungu kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Kazi yao ilikuwa kupima majukwaa ya kuchatia na kupendekeza moja la kuhamishia kundi. Kundi lilikuwa la watu mia moja na kumi na wawili, wote wa kijiji kimoja cha Kivu Kusini, sasa wametawanyika Nakivale, Isingiro, Mbarara na mbali zaidi. Kila siku saa kumi na mbili jioni, mwenyekiti wao, mzee Musoni, aliita mwito humo kundini, na kila mtu akaitika na kutaja alipo. Niko, Rubondo. Niko, Isingiro. Desturi hiyo waliitoa msituni mwaka 1996, walipokuwa wakikimbia kwa mafungu na Musoni akipaza sauti kila jioni ili asiachwe mtu. Hakuachwa hata mtoto mmoja. Watu hawa wangeacha kula kabla ya kuacha kuitika.

Shida ilianza Januari. Gasore, mfuga mbuzi, aliitika hivi: Niko, Isingiro, kwa mukwe wangu. Kabla ya kuku kutoka bandani, gari lisilo na namba lilikuwa limeshamchukua kwa huyo mkwe. Gasore alikuwa mmoja wa mashahidi wawili waliobaki, waliowaona kwa macho yao watu waliochoma zahanati ya kijiji na wagonjwa wakiwa ndani. Wenye kutenda yale sasa walikuwa wakubwa huko kwao, na hawakupenda kukumbukwa. Maiti ilipatikana siku ya tatu kwenye migomba. Wakamzika vizuri, wakarudi nyumbani, na mwito ulipoitwa jioni hiyo Gasore akaitika.

Niko, kwa Musoni.

Hakuna aliyeshtuka. Mtu aliyeitika miaka kumi na minane hawezi kuacha kwa siku moja. Wengine walisema mzee Musoni ana moyo, anatunza mpaka wafu. Mjane wa Gasore, Viviane, alieleza kwamba simu ya marehemu imo ndani ya kopo la maziwa, betri kando na laini kando, na kwamba ikifika saa kumi na mbili kopo hupata moto kidogo, wa kutosha kupashia mikono. Kilichowasumbua watu ni kwamba mtu fulani anapeleka habari zao nje. Wakakubaliana kwamba jukwaa ndilo bovu.

Shahidi wa pili alikuwa Elisée, mdogo wake Apolline. Alikuwa amejificha Mbarara, katika chumba nyuma ya ghala la saruji. Kwa wengine kazi ya kamati ilikuwa kutafuta jukwaa zuri. Kwa Apolline ilikuwa moja tu: mdogo wake asichukuliwe.

Alhamisi kamati ilikwenda Mbarara, kwa maana mtandao wa Rubondo ulikuwa wa kuomba Mungu. Walikaa kwenye duka la intaneti, Apolline akachora safu zake. Linakula bando kiasi gani. Linakubali simu kuukuu. Linaficha namba. Majukwaa yenyewe waliyaita kwa rangi kama watu wote wa Rubondo. Walilokuwa nalo lilikuwa la kijani, na walikuja kupima la bluu, la zambarau na la njano.

Kwenye la bluu walianzisha kundi la majaribio la watu wawili. Likawaonyesha watu wanne. Wa tatu alikuwa Musoni, ambaye simu yake wakati huo ilikuwa imefungiwa kibandani Rubondo, namba kumi na saba, ufunguo ukiwa mfukoni mwa Byamungu. Wa nne alikuwa Gasore. Niko, kwa Musoni. Apolline alipiga mstari akaongeza safu mbili: Musoni anaingia, Gasore anaingia. Akaweka alama ya ndiyo kwenye zote mbili.

La zambarau likawa vilevile. Kwenye la njano Gasore hakuandika, alituma sauti ya sekunde kumi na mbili. Kwanza kiti kilivutwa. Kisha akawika jogoo wa Musoni, yule aliyekauka koo ambaye Rubondo nzima inamjua. Halafu Musoni mwenyewe, akiongea na mtu kwenye simu, taratibu, kama anayemwandikisha mtu darasani: "Isingiro. Kwa mukwe wake. Ndiyo, leo."

Walisikiliza mara mbili ili wawe na hakika. Apolline aliandika: Sauti, safi sana.

"Njo yeye anapeleka habari zetu," Byamungu alisema.

"Njo yeye."

Kabla ya kurudi, Apolline alipita kwa Elisée, akamweleza yote, akamwomba aache kuitika, au basi ataje mahali pengine. Elisée alikuwa akichambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaya, nisipoitika batasema nimekufa," alimwambia dada yake. "Na kudanganya ku mwito, nani alishafanya?"

Apolline pia hakuwahi.

Jumapili kamati ilisoma ripoti. Sauti ya Gasore ilipitishwa kwenye spika ya kanisa, na watu waliisikiliza vichwa vimeinama. Musoni alikuwa benchi la mbele, kofia gotini. Ilipokwisha, mtu mmoja aliuliza kama la njano linakula bando sana. Byamungu akajibu kwamba si sana.

Apolline alisimama tena. Alikuwa na hasira ya kuweza kupasua benchi. "Mimi nasema tutoe Musoni."

Bibi mmoja, ambaye wanawe wawili walivuka mto mgongoni mwa Musoni, alimwangalia Apolline kwa huruma kabisa.

"Na mangaribi nani atatuita, mwalimu?"

Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mitatu: wa Apolline, wa Byamungu na wa Viviane. Ikakumbushwa kwamba kamati ilitumwa kupima majukwaa, haikutumwa kupima watu. Musoni alisimama akaishukuru kwa kazi ya uangalifu, akasema hata yeye ameona la njano linafaa.

Wakahamia Jumatatu. Saa kumi na mbili Musoni aliita, na majibu yakaanza kushuka. Elisée aliitika mapema: Niko, Mbarara, nyuma ya ghala ya simenti. Apolline alimpigia mara tisa. Simu ilikuwa imezimwa; Elisée alikuwa na tabia ya kubana betri.

Asubuhi alikwenda kwa pikipiki. Mlango ulikuwa wazi, maharage yalikuwa nusu sahani, na simu ilikuwa kitandani. Jirani alisema gari lilikuwa jeupe. Apolline aliichukua simu, akairudisha Rubondo, akatoa betri, akatoa laini, akaitia kwenye kopo la majani ya chai kwa sababu hakuwa na la maziwa.

Jumanne jioni Musoni aliita. Apolline alikuwa amelipakata kopo, na alilisikia likipata moto. Kisha kwenye simu yake mwenyewe likatokea jibu.

Niko, kwa Musoni.

Alifungua daftari, akachora safu mpya, akaandika Elisée anaingia, akaweka alama ya ndiyo kwa kalamu nyekundu. Majibu yaliendelea kushuka. Yalipokoma Musoni alihesabu, akakuta mia moja na kumi na moja.

"Mwalimu Apolline," aliandika, "hatujakusikia."

Wengine wote wakamngoja. Wawili watatu walionekana wakianza kuandika, wakaacha. Apolline alijifuta macho kwa kitenge, akaandika: Niko, Rubondo.