Waliorukwa kwenye Fomu

Wajumbe wa kamati ya fedha za utafiti, kutoka mji mkuu wa Port Moresby, walimpita Sista Ludwina mlangoni bila hata salamu, wakaenda moja kwa moja kumshika mkono Dokta Imelda. Ludwina alikuwa na miaka kumi na tisa ya uuguzi katika kliniki ile ya kifua kikuu, nje kidogo ya Kimbe. Imelda alikuwa na miezi kumi na minne. Alikuwa na digrii ya Brisbane, meno meupe yasiyojua wekundu wa kutafuna popoo, na sasa alikuwa na mradi.

Mradi wenyewe ndio uliomchoma Ludwina roho. Barua ngapi aliiandikia wizara akisema tusingoje wagonjwa waje wakikohoa damu, tuwafuate majumbani tuwapime wanaoishi nao? Hakujibiwa hata moja. Imelda akaja, akayaandika yaleyale, akayajaribu kwenye nyumba za karibu, akayatilia chati za rangi, na leo kamati inaamua kama fedha za utafiti zitolewe kwa miaka mitano, mkoa mzima. Ulikuwa wivu, hakuupa jina jingine, na aliulea vizuri.

"Sista, ukinuna hivyo wageni watadhani ndiwe mgonjwa," alimtania Pius, mpima makohozi.

"Toka hapa! Nani kanuna?"

"Basi cheka kidogo tuone."

"Nitacheka baadaye. Wewe subiri."

Alikuwa na sababu ya kusubiri. Fomu ya dokta iliuliza: taja majina ya wote mnaolala nyumba moja. Nani kati ya Wanakanai, wenyeji wa huku, atataja jina la mkwe au shemeji? Ni mwiko, hata kwa waliosoma. Mtu ataorodhesha mama, watoto na ndugu, mkwe atamruka, na wala hataona kwamba kadanganya. Ndiyo maana hesabu za dokta zilionyesha watu wanne kila nyumba, wakati nyumba nyingi za huku hufika watu saba. Ludwina mwenyewe huuliza kwa kuzunguka: yule aliyemwoa dada yako yupo? Anakohoa? Imelda, aliyekulia mjini na hajaolewa, angeyajulia wapi? Ludwina aliliona kosa hilo tangu fomu za kwanza, akafunga mdomo. Alitaka kulitoa leo, mbele ya wakubwa, amwone yule binti akibabaika.

Wageni walipokuwa wakila samaki na taro, aliingia ofisini kuchukua fomu mbili tatu za ushahidi. Ya nne aliyoivuta ilikuwa na mwandiko alioujua. Ulikuwa wake.

Ilikuwa fomu ya Benno, mwanawe, aliyeanza dawa miezi mitatu iliyopita. Ludwina alikuwa ameijaza mwenyewe, upesi upesi, mezani kwake: yeye, mumewe, Benno, na bintiye mdogo. Watu wanne. Mke wa Benno, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, aliyemchomea Ludwina viazi asubuhi ya leo, hakuwemo. Pius alikuja nyumbani na orodha, akaita majina yaliyoandikwa, akapima, akaondoka. Mkwe alikuwa shambani siku hiyo. Ludwina alidhani ameshapimwa mahali fulani, na hakuuliza. Kikohozi cha nyuma ya ukuta alikisingizia moshi wa jikoni.

Alikaa kwenye kiti cha dokta, fomu mkononi. Angeweza kuichana. Angeweza kusimama na kusema ya watu wengine tu, akampima mkwe wake kimyakimya kesho, na bado akamwaibisha Imelda. Alitamani hivyo, tena sana. Lakini aliona watu watauliza nani alilijua kosa hili na tangu lini, na nyumba ngapi zimerukwa kwa muda wote aliokuwa akijiwekea raha yake ya leo.

Mwenyekiti wa kamati alipouliza kama kuna mwenye neno, Ludwina alisimama.

"Hesabu hizo si sahihi," alisema. "Wakwe na mashemeji hawamo. Kwetu hatuwataji majina. Na nyumba yangu ni mojawapo, fomu hii nimeijaza mimi."

Imelda aliichukua fomu, akaisoma, akaisoma tena.

"Umelijua hili tangu lini, Sista?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu! Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuonea wivu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alifunga jalada lake. Hesabu zenye pengo kama hilo hazipitishwi, alisema. Wahesabu upya, waombe tena mwakani. Kisha akamgeukia Imelda, si Ludwina: "Hoja nzuri, Dokta. Iandike vizuri, itawasaidia." Hata sasa, wivu ulimchoma Ludwina palepale.

Imelda hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alichukua vikopo vya makohozi na fomu tupu. "Tuanze kwako," alisema. "Mkwe wako anaitwa nani?"

Ludwina alifungua mdomo, akaufunga.

"Skolastika," alijibu Pius, aliyesimama kando, kwa niaba yake.

Walitembea mpaka uani kwa Ludwina. Imelda akapaza sauti: "Skolastika! We Skolastika, njoo mama!"

Msichana akatoka jikoni mbiombio, tumbo mbele, akikohoa na kucheka kwa pamoja, uso umemng'aa kwa kuitwa. Miaka miwili wameishi nyumba moja na Ludwina hakuwahi kumwona akiitika hivyo. Alisimama nyuma ya dokta akimwonea wivu, kwa kulitamka tu jina lile, kuliko alivyowahi kumwonea, huku Imelda akimpa msichana kikopo na kumwelekeza akohoe kwa nguvu.