Sijafika Hapo

"Soma, Mama."

Chapchap alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, macho kwenye mlango wa kabati. Mlango huo haukuwa na nafasi hata ya kutundika shati. Alikuwa ameubandikia dashibodi ya ndege kuanzia juu hadi chini, kurasa za fotokopi zilizoungwa kwa gundi, kila swichi na kila taa mahali pake. Upande wa kulia, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mahali pa rubani msaidizi, alikaa mama mkwe wake, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa.

"Pa-mpu za ma-fu..."

"Zimewashwa!"

"Sijafika hapo," mama mkwe alisema, kidole kikiwa bado kwenye karatasi. "Kuna pampu za kushoto na kuna za kulia. Wewe umewasha zipi?"

"Zote, Mama."

"Basi ngoja nizisome zote, ndipo uwashe zote. Sikujifunza kusoma uzeeni ili nije kukatizwa na mke wa mwanangu."

Chapchap alicheka, akarudisha mikono mapajani. Mama mkwe alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima baada ya kumzika mumewe, na alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe hadi jiwe, akihakikisha kwanza kwamba halitikisiki. Chapchap alikuwa amemwandikia cheklisti zote, orodha za hatua za rubani, upya kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na kila asubuhi kabla ya chai waliirusha ndege yao ya karatasi, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye ndoo, mume akiwa safarini na lori lake.

Jina la Chapchap alilipata chuoni, na hakulipata bure. Mwalimu alikuwa hajamaliza swali, yeye ameshajibu. Na katika chuo kile cha urubani hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Vitabu vilikuwa vingi kuliko siku za kuvisoma: mifumo ya ndege, hali ya hewa, sheria za anga, utendaji wa injini, na kile kikubwa cha taratibu za dharura ambacho wangeweza kukitumia kuzuia mlango wakati wa upepo. Juu ya hivyo kulikuwa na kundi la simu lililotuma maswali ya zamani usiku na mchana, na majibu ya maswali hayo, na masahihisho ya majibu. Maktaba ilifungwa mapema kwa kisingizio cha kubana matumizi ya umeme. Duka la fotokopi lililokuwa ng'ambo ya barabara lilijua shida yao, likapandisha bei. Wanafunzi wakabaki kukariri, na mfalme wao alikuwa kijana waliyemwita Kanda, kwa sababu ukimbonyeza tu anaanza kucheza mwanzo hadi mwisho bila kupepesa macho.

Chapchap naye alikariri. Alikariri mpaka chakula kikamshinda. Siku ya mtihani wa vitendo, ndani ya simuleta, mashine inayoigiza ndege, taa ya moto iliwaka kwenye injini ya kushoto. Mdomo wake ulitiririsha hatua zote bila kukosea neno, na mkono wake, kwa wepesi uleule, ukazima injini ya kulia. Aliizima ile nzima. Ndege ya mashine ikashuka kama jiwe na mkufunzi akaandika neno moja kwenye fomu.

Kwa kanuni ya chuo, anayeanguka mara mbili hufungasha. Shirika la ndege lililokuwa linamsomesha lingemrudisha alikotoka, kwenye dirisha la tiketi pale uwanjani, kuwauzia watu viti vya ndege ambazo yeye angezitazama zikipaa. Alirudi nyumbani siku ile akajitupa kitandani, juu ya makaratasi, akalia kilio cha mtoto.

Mama mkwe alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Haya yote yanatakiwa yaingie kichwani?"

"Yote, Mama."

"Na mkiwa huko juu, vitabu mnaviacha chini?"

"Hapana. Viko ndani ya ndege, pembeni mwa kiti."

"Mnavipeleka kutembea?"

Chapchap alitaka kukasirika, akashindwa. Aliufuta uso, akaketi, akaanza kuyagawa makaratasi kitandani. Mafungu matatu. Ya kichwani, yaani yale machache ambayo ukisubiri kuyasoma umeshakufa. Ya mkononi, yale ambayo vidole hujifunza kwa kurudia. Na ya kitabuni. Fungu la tatu lilipanda likakaribia dirisha, na alipolitazama alihisi mabega yake yakishuka, kwa sababu hilo lote hakuhitaji kulibeba. Alihitaji kujua lipo ukurasa gani. Na alihitaji mtu wa kumzuia asijibu kabla ya kusomewa, na mtu huyo alikuwa ameshika kikombe, anasubiri kuulizwa.

Sasa siku ya mtihani wa pili ilikuwa imefika. Mama mkwe alimaliza cheklisti ya mwisho, akavua miwani.

"Nenda mwanangu. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Nenda polepole, urudi na yako."

Chuoni, kabla hata hajafika kwenye ubao wa ratiba, karani wa nyaraka alimwita kwa kugonga kioo cha dirisha lake. Alikuwa mtu wa suti safi na roho ya stempu, na mbele yake lilikuwapo rundo la kurasa zilizobanwa pamoja, bado zina joto la mashine.

"Mabadiliko ya leo," alisema. "Saini hapa: nimesoma na nimeelewa."

Chapchap alifungua. Ukurasa wa kwanza ulihusu maegesho ya magari ya wafanyakazi. Wa pili, rangi ya soksi. Kulikuwa na ratiba ya usafi wa vyoo, na nyuma ya hapo kurasa na kurasa za maandishi madogo.

"Kaka, nina mtihani sasa hivi. Naomba nisome kwanza, nitasaini nikitoka."

"Asiyesaini haingii simuleta. Ndiyo sheria."

"Sasa nitasaini vipi nimesoma wakati sijasoma?"

Karani alimtazama kwa huruma ya dhati, kama anayemtazama mgeni. "Dada yangu, hii hakuna anayeisoma. Kapteni mwenyewe anayekutahini leo amesaini hapa amesimama, mkono mmoja una chai. Usinicheleweshee foleni."

Nyuma yake Kanda alinyoosha mkono juu ya bega lake, akatia saini yake bila hata kuliangalia rundo. Chapchap alishika kalamu. Alijua anaandika uongo, lakini mlango wa simuleta ulikuwa upande wa pili wa saini ile. Akasaini.

"Safi," karani alisema. "Na kurasa mpya nimeshazipanga kwenye vitabu vya simuleta, msiseme hatuwajali."

Simuleta ilikuwa chumba kidogo chenye giza, kimesimama juu ya miguu ya chuma, ndani yake viti viwili vya marubani na nyuma yao kiti cha mkufunzi chenye skrini yake. Chapchap alikaa kushoto. Kanda alipangwa kulia, kama rubani msaidizi wake. Kapteni alifunga mlango. Alikuwa rubani mstaafu mwenye sauti nzito, aliyependa mambo yaende mbio.

"Leo hakuna machozi," alisema. "Tupae."

Walipaa vizuri. Chapchap alisubiri kila mstari usomwe, akajibu, akagusa, akatazama alichogusa. Nyuma yake Kapteni aliguna. "Tuko kwenye mazishi?" Chapchap alisubiri mstari uliofuata. Mikono yake ilikuwa mikavu, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotarajia.

Wakiwa juu, taa ndogo ya manjano iliwaka. Tangi la kushoto lilikuwa linapungua kuliko la kulia.

"Mafuta hayalingani," Kanda alisema papo hapo, kitabu kikiwa kimefungwa pajani. "Fungua vali ya kati, zima pampu za tangi lililopungua, subiri yalingane, funga vali. Twende."

Ndivyo ilivyokuwa. Chapchap naye aliijua hivyohivyo, neno kwa neno, na mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka kwenda kwenye swichi ya vali ile inayounganisha matangi mawili. Ulifika karibu kabisa. Hapo akaisikia ile sauti ya kwenye ndoo, *sijafika hapo*, akaurudisha mkono pajani.

"Nisomee," alisema.

"Nimekwambia. Ni hatua nne tu."

"Umeniambia, hujanisomea. Fungua kitabu."

"We Chapchap, muda..."

"Fungua kitabu, ndugu yangu. Weka kidole."

Kanda alipumua kwa kero, akafungua, akatafuta ukurasa. Alianza kusoma kwa kasi yake ya kawaida, kisha kasi ikapungua, kisha kidole kikarudi mwanzo wa mstari.

"Nini?" Chapchap aliuliza.

"Imebadilika," Kanda alisema. "Inasema usifungue vali kwanza. Linganisha mafuta yaliyotumika na yaliyobaki. Kama hesabu haikubali, kuna uvujaji."

"Chapchap!" Kapteni alinguruma kutoka nyuma. "Mbona vali haijafunguliwa? Unasubiri barua?"

"Kitabu kinasema tuhesabu kwanza, Kapteni."

"Kitabu gani? Zoezi hili nalifundisha tangu wewe unauza tiketi. Fungua vali!"

Mtu aliyekuwa anamfokea ndiye mwenye kalamu, na akimuudhi, jioni angekuwa anafungasha. Lakini ukurasa ulikuwa pale, umepigwa taa, mweupe kuliko wenzake.

"Sifungui, Kapteni. Kanda, nipe tarakimu."

Kanda akampa. Waliyopaa nayo, waliyotumia, yaliyobaki. Chapchap alijumlisha, akatoa, akarudia. Hesabu haikukubali. Mafuta mengi yalikuwa yametoka upande wa kushoto bila kupita kwenye injini yoyote.

"Yanavuja," alisema. "Tukifungua vali, tutayamimina ya tangi zima kwenye ndoo iliyotoboka. Tutaishiwa yote. Endelea kusoma."

Nyuma yao kiti kililia. Kapteni alikuwa ameinama mbele, anausoma ukurasa juu ya bega la Kanda. Kisha akarudi taratibu kwenye skrini yake. Chapchap hakugeuka, lakini aliuona uso wa mzee kwenye kioo cheusi cha mbele, nao ulikuwa umeshuka.

"Endeleeni," Kapteni alisema.

Wakaendelea. Kanda alisoma, sasa kidole kikiwa juu ya mstari, jiwe hadi jiwe. Walipofika kwenye kuzima injini ya kushoto ili kuukata uvujaji, Chapchap aliweka mkono juu ya swichi na hakuivuta.

"Injini ya kushoto. Thibitisha."

Kanda alitazama mkono, akatazama saa za injini, akatazama tena mkono. "Ya kushoto. Nathibitisha."

Akaizima. Mafuta ya kushoto yakaacha kupungua palepale. Waliigeuza ndege kwenda uwanja wa karibu, wakashuka kwa injini moja kupitia wingu zito, taa za njia ya kutua zikatokea mbele yao safi, na magurudumu yakagusa chini kwa upole ambao Chapchap hakuwahi kuupata hata siku za mazoezi mepesi. Kanda alipiga kelele ya shangwe, akaiziba kwa kiganja.

Katika ofisi yake, Kapteni aliwakalisha, akaichukua fomu, akaichezea.

"Ili mafuta yasilingane kwenye mashine hii," alisema hatimaye, "huwa nabonyeza kitufe cha uvujaji. Miaka yote. Wanafunzi wanafungua vali, mizani inalingana kidogo, nasimamisha zoezi, nawapa alama nzuri. Sikuwahi kuwaacha waruke mpaka mafuta yaishe." Alifuta paji la uso. "Na wengine sasa hivi wako angani na abiria."

Nje mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma.

"Umefaulu," Kapteni alimwambia Chapchap. "Umefaulu vizuri sana. Nitaandika hivyo. Lile la ukurasa, nafikiri tuliache humu ndani. Mkurugenzi akiuliza, wote tulisaini tumesoma. Mimi nimesaini. Ninyi mmesaini. Tutachafuka wote, na wewe ndio kwanza umepata chako."

Ilikuwa kweli, na aliisema kwa upole. Chapchap aliitazama fomu, ambayo ilikuwa bado haina saini chini yake. Aliliona dirisha la tiketi. Aliwaona pia watu wa upande wa pili wa kioo kile, waliompa vitambulisho vyao na kumuuliza kama kiti cha dirishani kipo.

"Andika, Kapteni."

"Binti..."

"Andika kwamba ukurasa ulifichwa nyuma ya soksi na vyoo. Andika tulisaini bila kusoma kwa sababu bila saini mlango haufunguliwi. Anza na jina langu mimi, nilisaini asubuhi hii hii. Na wale walioko angani wapigiwe simu leo."

"Na langu," Kanda alisema, akajishangaa mwenyewe.

Kapteni aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta kiti, akaandika. Aliandika kwa muda, akajaza nafasi ya maoni, akageuza karatasi, akaendelea nyuma. Alipomaliza alitoa miwani mfukoni, akaisoma fomu yote upya, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza, ndipo akatia saini.

"Chukua," alisema. "Nenda kanunue tepe za mabegani za rubani."

Chapchap alitoka akaufunga mlango nyuma yake kwa adabu zote. Kisha akaupigia ukumbi mzima kigelegele kilichomtoa karani wa nyaraka dirishani, na wanafunzi waliokuwa kwenye ngazi wakakipokea kabla hata ya kuuliza kuna nini.