Nyonga Isiyo na Kovu

Kazi yangu ni kugeuza migongo ya watu wa Ohio kuwa namba. Daktari anapasua, anaandika alichofanya, mimi nasoma ripoti na kuchagua namba, kisha bima inalipa au inagoma. Mtu akiungwa pingili za mgongo, huwekewa vipande vya mfupa wake mwenyewe ili zishikane. Mfupa huo ukitoka palepale mgongoni, kwenye mkato uleule, una namba yake, na bima huilipia sifuri. Ukitoka nyongani, kwa mkato wa pili, una namba nyingine, na hiyo hulipwa vizuri. Usiniulize ni nani aliyepanga hivyo. Sijawahi kumwona, na siku nikimwona nina maneno naye.

Bwana Vernon Stuckey, fundi bomba, alikuja dirishani kwetu, ofisi ya malipo ya hospitali, mwezi mmoja baada ya kupasuliwa.

"Mama, bima wanasema mmenichota mfupa nyongani."

"Ndivyo daktari alivyoandika, Bwana Stuckey. Nyonga ya kushoto, mkato wa pili."

"Uko wapi huo mkato?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshusha ukanda wa suruali mbele ya foleni nzima. Nyonga ilikuwa nyeupe kama unga uliokandwa, haina hata mkwaruzo. Marlene, bosi wangu, aliweka donati yake mezani.

"Labda pamepona vizuri," Marlene akasema.

"Pamepona kabla ya kukatwa, dada? Basi huyo daktari ni kiboko."

Watu kwenye foleni walicheka. Yeye hakucheka. Alisema anashinda amepiga magoti chini ya masinki ya watu, nyonga hiyo ndiyo inayomlisha, na hataki mtu aje kusema ni mbovu kwa sababu ya maneno ya kubuni. Halafu alikuwa na upasuaji mwingine unamsubiri, pingili za chini, theluji ikishayeyuka, kwa daktari yuleyule. Alitaka mambo yanyooke kabla ya hapo.

Nilipanda juu kwa Daktari Haldane nikiwa nimefura.

"Ripoti zako zote zina maneno yaleyale, Daktari. Hii ya Bwana Stuckey inasema amezaa mara tatu."

"Kompyuta hiyo, Rhonda. Naandika moja, inanakili kwa wengine."

"Hongera kwake, basi. Mfupa ulitoka wapi?"

"Mgongoni. Ulitosha na kubaki."

"Basi naandika namba ya mgongoni."

"Hiyo hailipwi."

"Najua hailipwi."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea mlango. "Kwa hiyo unachotaka ni ripoti ifanane na mgonjwa."

"Hicho tu, Daktari."

"Sawa. Nimekuelewa."

Nilishuka ngazi nimevimba kichwa. Nilirekebisha namba, bima ikarudishiwa chake, na Marlene akaninong'oneza kwamba huko juu nimeshapewa jina, Malaika wa Nyonga. Nilijifanya nimeudhika. Bwana Stuckey alipiga simu kunishukuru, na mkewe akaniletea chupa ya siagi ya tufaha, ile jamu nzito, aliyoipika mwenyewe. Nilikula na mkate kila asubuhi, nikijiona mtu wa maana sana.

Theluji ikayeyuka. Ripoti ya upasuaji wa pili ilipofika, imechelewa mwezi mzima, niliisoma kwa jicho kali nikitafuta wale watoto watatu. Hawakuwemo. Kila neno lilikuwa jipya, limeandikwa kwa ajili ya Bwana Stuckey na si mtu mwingine. Nyonga ya kushoto, mkato wa pili, urefu wake, uzi ulioshonea. Nilifurahi kwamba hatimaye daktari amejifunza kuandika. Kisha nikafika kwenye mfupa wa mgongoni. Ulipatikana wa kutosha, ripoti ilisema, na ukatupwa.

Wiki hiyohiyo Bwana Stuckey alikuja dirishani akisukuma kigari cha kutembelea, mkewe amemshika kiwiko.

"Mgongo hauna neno, mama," alisema. "Nyonga ndiyo inanitoa machozi usiku. Magoti siyapigi tena. Kijana wa jirani ndiye anaingia chini ya masinki siku hizi, mimi namshikia tochi."

Hakunionyesha, na sikumwomba. Mkewe ndiye aliyeinua shati kidogo, na kovu likaonekana, jekundu, refu kama kiganja changu.

"Daktari alisema ofisi ya malipo ndiyo iliyolalamika mara ya kwanza," Bwana Stuckey akasema, bila hasira yoyote, na afadhali angenitukana. "Sasa tuangalizie, mama. Safari hii imeandikwa sawasawa?"

Niliisoma tena yote, polepole, nikitafuta kosa hata dogo la kushikia. Sikuliona.

"Sawasawa kabisa, Bwana Stuckey," nilisema, na ilinibidi niipeleke bima.