Risasi za Kwenye Mahameli

Kichwa cha risasi kilicho kizuri hakina maneno mengi. Kikibingirika juu ya kioo hutoa sauti moja nyembamba, iliyonyooka, mpaka kifike mwisho na kutulia. Chenye kasoro huchechemea, na hata ukifumba macho utausikia mguu wake mfupi. Nafuna aliijua sauti hiyo kuliko alivyoikumbuka sauti ya mama yake, ambaye alikuwa mbali Bungoma na hawakuwa wameonana kwa miaka minne.

Aliisikiliza kila siku ya kazi katika karakana ya Natha Singh, nyuma ya maduka ya Thika, mwaka ule wa hamsini na tano. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja na nusu. Ilikuwa na mashine ya kukereza shaba, jiko la kuyeyushia, meza yenye kioo bapa, na mzee wa Kikalasinga mwenye ndevu nyeupe na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Kibao mlangoni hakikuwepo wala hakikuhitajika. Wawindaji wa Nairobi, Nanyuki na hata Arusha walikuwa wakiijua njia, maana vichwa vya risasi vya Natha Singh havikuvunjika mfupani. Vile vya dukani vilipasuka kwenye paji la nyati na kumwachia hasira tu. Vya mzee vilipita moja kwa moja. Ila vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Mwezi mzima mzee alitoa mia moja, na katika hiyo mia vilivyofaulu havikujaza viganja viwili.

Wa kuamua kipi kimefaulu alikuwa Nafuna.

Kabla ya hapo alichambua kahawa Ruiru. Aliyemfundisha ni Warigia, mama wa huko huko, ambaye vidole vyake viliitambua punje mbovu kabla jicho halijafika. Warigia alimwambia asitazame, aguse tu, na amwachie kidole kazi yake. Basi Natha Singh alipoona macho yanamwacha, akapanda treni mpaka Ruiru kutafuta mwanamke mwenye vidole kuliko wote. Huyo alikuwa Warigia, kila mtu alijua. Lakini miaka ile ya Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau vikiendelea, Mkikuyu hakuruhusiwa hata kunusa harufu ya bunduki, kwa hiyo Warigia akabaki na kahawa yake, naye Nafuna akachukuliwa. Dunia haikuwa na haki. Warigia hakumnunia. Alimwambia tu, nenda, maitu, mama yangu, lakini usije ukasahau kwamba punje mbovu moja huharibu gunia.

Nafuna alikuja Thika na maneno yake ya kahawa. Vichwa vibovu kabisa vilirudi jikoni vikayeyushwe. Vya katikati, vya kupigia swala na punda milia, alivitia kwenye mkebe wa majani ya chai na kuviita mbuni, kama kahawa ile duni inayokaukia mtini. Natha Singh alicheka mpaka ndevu zikatikisika, na tangu hapo hata wateja wakawa wanaagiza mbuni. Vile bora vilipangwa kwenye kasha la mbao lililotandikwa mahameli nyekundu, kila kimoja kwenye kishimo chake. Jioni vyote vilihesabiwa, na askari wa mlangoni akampapasa Nafuna tangu kilemba hadi viatu. Aliyepatikana nje na risasi hata moja alingojwa na kitanzi, na hakuna aliyeuliza kama ndani mna baruti.

Mambo yalibadilika Boaz alipopewa bunduki aibebe. Boaz ni mumewe, mrefu, mtulivu, mkata makonge katika shamba lililo kati ya Thika na Kilimambogo. Bwana wa shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Kihara kwa sababu ya upara wake, alipewa ruhusa ya kupunguza nyati waliokuwa wakishuka mlimani na kuwasaga watu kwenye makonge. Wakata makonge wawili walikuwa wamezikwa mwezi mmoja. Kihara akamtazama Boaz, akaona mtu asiyeshtuka ovyo, akamfanya mbeba bunduki. Kazi ya mbeba bunduki ni kutembea kichakani hatua moja nyuma ya bwana, au, njia ikiwa nyembamba, hatua moja mbele yake.

Tangu siku hiyo Nafuna akawa mkali. Kichwa ambacho mwezi uliopita angekipitisha, sasa alikisikiliza mara tatu, akakiviringisha kwenye vidole, akakigusisha mdomoni kuona kama baridi yake ni moja pande zote. Akakitupa mbuni. Kwenye mia walifaulu kumi na wanane, wakawa kumi na wawili, wakawa wanane. Alivihesabu hivyo, kama watu. Wawindaji walilalamika, mmoja akapiga meza kwa kofia, lakini Natha Singh aliwaambia kwamba mama akisema hapana ni hapana. Nafuna alikuwa na furaha ya siri. Kila kasha la Kihara lilipotoka, aliona ameweka ukuta kati ya mumewe na pembe.

Jumapili moja Boaz alikuja Ruiru, ambako Nafuna aliendelea kulala, kama kawaida yake, akakaa mlangoni akila viazi, akisimulia habari za shamba. Katikati ya maneno akasema, huku akicheka, kwamba Kihara anayapenda makasha yale kama meno ya dhahabu. Ameyapanga kwenye kabati la vioo sebuleni. Wageni wakija anayafungua, anawaonyesha, anayafunga.

Nafuna aliuliza anawindia nini basi.

"Mbuni," Boaz akasema. "Zile nzuri hazitiliwi baruti. Anasema zikiisha atapata wapi zingine. Na ni kweli, Mama Wilki. Akiba haiozi."

Nafuna akakirudisha kiazi sahanini. Aliona yote kwa mara moja, na aliyoyaona yalimtia uchungu kuliko kufiwa. Kadiri alivyozidi kuwa mkali ndivyo zile nzuri zilivyozidi kuwa chache, na kadiri zilivyokuwa chache ndivyo mtu alivyoona haya kuzipiga. Ukuta alioujenga ulikuwa kwenye kabati la watu, na mumewe alikuwa akitembea mbele ya nyati na mbuni, mbuni alizozikataa yeye mwenyewe kwa mkono wake.

"Baba Wilki, hiyo kazi iwache," akamwambia.

"Nikiwacha kazi kipande cha ruhusa ya kukaa huku kinaisha. Kipande kikiisha tunapakiwa treni turudi Bungoma tukamwangalie mtoto wetu Wilkister na njaa. Wacha mimi nibebe."

Akamaliza viazi vyake. Ijumaa ya wiki ya tatu, akaongeza, wanapanda Kilimambogo kumfuata nyati mkubwa mwenye pembe moja iliyokatika, yule aliyewaua wale wawili.

Kesho yake asubuhi Nafuna alisinzia kwenye treni. Ilikuwa baada ya mvua, kahawa imechanua, na kutoka Ruiru hadi Juja mashamba yalikuwa meupe pande zote mbili, harufu yake tamu ikiingia madirishani mpaka abiria wakanyamaza. Katika weupe ule akamwona nyati mwenye pembe moja amekaa kwenye kiti cha mbele yake, ametulia, magoti pamoja kama mama anayekwenda kanisani. Nyati akafungua mkono wake, maana alikuwa na mkono, na ndani yake mlikuwa na vichwa viwili vya risasi. Akamwuliza kwa upole, kwa Kibukusu safi, amemchagulia kipi. Nafuna akanyoosha kidole kugusa. Treni ikasimama Thika.

Alishuka akiwa ameshajua la kufanya.

Agizo la Kihara lilikuwa kumi za kasha na kumi za mbuni. Nafuna alizisikiliza zile za mwezi ule siku nane mfululizo, akaomba mzee akereze zingine, akasikiliza tena, mpaka akapata kumi ambazo hata Warigia asingezitilia neno. Hizo kumi akazitia kwenye mkebe wa chai. Kisha akachukua mbuni kumi, zilizochechemea zaidi, akazifuta kwa kitambaa mpaka zikang'aa, akazilaza kwenye mahameli. Hesabu ya jioni ilitimia. Askari alipompapasa hakukuta kitu. Lakini alijua kwamba wizi huu haukuwa mfukoni, na kwamba ukijulikana hakuna hakimu ambaye angetaka kusikia habari za Boaz. Mwanamke amechezea risasi za mzungu wakati wa Hali ya Hatari. Kesi ingekwisha kabla chai haijapoa.

Zikapita siku ambazo hakuzikumbuka baadaye. Aliweka vichwa juu ya kioo navyo vikabingirika, na masikioni mwake vyote vilisikika sawa, kama mvua. Natha Singh alimwuliza kama anaumwa. Alisema ni vumbi la shaba.

Jumamosi baada ya ile Ijumaa, saa nne asubuhi, gari la Kihara likasimama nje. Nafuna hakuinua macho. Alisikia mlango wa gari, halafu viatu vya mzungu, halafu, nyuma yake, hatua ndefu za mtu asiye na haraka. Boaz alikuwa amesimama mlangoni, mzima, kofia mkononi. Machozi yakamtoka Nafuna papo hapo mbele ya watu, wala hakuyafuta.

Kihara hakuona machozi ya mtu. Alikuwa na habari yake. Alisimulia kwa Kiswahili chake cha shambani. Walikuwa kwenye njia nyembamba, Boaz mbele akifyeka. Nyati hakukimbia, alikuwa akiwangoja. Alitoka hatua kumi na tano tu. Kihara alipiga juu ya bega la Boaz, mara moja, na risasi ikaingia kwenye paji ikatokea shingoni, nyati akaanguka na kuteleza juu ya majani, pua yake ikaja ikasimama kwenye kiatu cha Boaz. Boaz akanyoosha mguu kidogo ili waone. Ute ulikuwa umekauka juu ya ngozi ya kiatu, mweupe kama alama ya konokono.

"Na hiyo ilikuwa mbuni, fundi," Kihara akasema. "Mbuni tu! Hii ya sanduku itakuwa namna gani?"

Akaliweka kasha mezani, alikuwa amekuja nalo ili mzee alitie sahihi yake ndani ya kifuniko. Akalifungua kwa kidole kimoja, taratibu.

Natha Singh akainama juu ya kasha. Nafuna alimwona anafikiri, na akajua anafikiri nini: kwamba mbuni haiwezi. Yeye aliyezitengeneza alijua kwamba mbuni yake ingepasuka kwenye mfupa ule, na mtu huyu mrefu aliyesimama mlangoni angekuwa amezikwa. Mzee akanyoosha mkono kwenye mahameli, akachukua kimoja, akakilaza juu ya kioo na kukisukuma.

Kikaenda kikichechemea. Chumba kizima kilisikia, ila ni mzee na Nafuna tu waliojua walichosikia. Askari alikuwa mlangoni, amejiegemeza kwenye bunduki yake.

Mzee akachukua cha pili, akakisukuma. Kikachechemea. Akamgeuzia Nafuna uso wenye macho yenye ukungu, halafu akamgeuzia yule mtu mrefu mlangoni, akamtazama kwa muda kana kwamba anampima urefu. Kisha akavirudisha vichwa kwenye vishimo vyake, kimoja kimoja, akavilaza vizuri.

"Bwana," akamwambia Kihara, "hizi usipige. Hata siku moja. Mimi sitatengeneza zingine kama hizi tena. Hizi ni za kuweka."

Kihara alifurahi mpaka upara ukawa mwekundu. Mzee akaandika jina lake ndani ya kifuniko, na kasha likaenda kukaa kabatini, na kwa nijuavyo mimi likakaa huko hadi wenyewe walipofunga mizigo na kurudi kwao.

Gari lilipoondoka, Boaz akiwa amepanda nyuma, Natha Singh alikaa. Aliuliza swali moja tu.

"Ni mume?"

"Ndiyo, fundi."

Mzee akainuka. Alichukua makasha matupu yaliyobaki rafuni, sita, akang'oa mahameli kwa bisibisi, akampa Nafuna afutie kioo. Mbao akaziwasha jikoni. Tangu siku hiyo risasi bora za Natha Singh zilitoka karakanani zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, kama njugu, na mteja akiuliza ni za daraja gani, mzee alijibu kwamba ni mbuni. Walinung'unika. Walizitia baruti, wakazipiga.

Jumapili Boaz alikaa mlangoni na viazi vyake. Alisema bwana ana shabaha, lazima mtu amkubali, kumbe hata mbuni ikipigwa na mwenye shabaha inafanya kazi. Na zile nzuri bado zipo kabatini, zote kumi.

"Si nilikuambia, Mama Wilki? Akiba haiozi."

Nafuna alikuwa ameweka kiatu chake mapajani na kitambaa cha mahameli mkononi, akiufuta ule ute. Ulikuwa mgumu kutoka. Akakubali kwamba ni kweli, haiozi, akatemea kitambaa mate, akaendelea kufuta.