Chupa ya Mia Moja Arobaini na Tano

Ofisini walimwita Kifutio, na kwa miaka mitatu alilifurahia jina hilo. Kazi yake ilikuwa kwenye kompaila, ile programu inayochukua maandishi ya waandishi wa programu na kuyageuza kuwa amri za mashine. Yeye aliandika kanuni za kurahisisha hesabu za namba kamili. Mtu akijumlisha sifuri, kanuni inafuta. Akizidisha kwa moja, inafuta, mashine isijichoshe bure. Kanuni zake zilikuwa arobaini na moja, na zile zenye hatari alizifunga kwa sharti, maana hesabu inayoonekana haina kazi wakati mwingine ina kazi kubwa.

Aliyemtafutia kazi pale alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na ndiye aliyemwibia. Kwanza alimvisha kilemba cha ukoka, akimwita hazina ya familia. Kisha siku moja akahamisha mafaili yote ya kanuni zile kwenye ghala jipya la programu za kampuni, kila mstari ukasomeka kwa jina lake yeye. Kifutio alipouliza, akaambiwa ni utaratibu tu. Wiki mbili baadaye alihamishiwa meza ya upimaji, kwenye kona iliyo jirani na choo, ambako mlango ulibamizwa kutwa nzima.

Alikwenda kulalamika kwa dada yake. Dada alikuwa akisuuza vyombo, hakugeuka. Alisema wote ni nyumba moja, jina likiwa la huyu au la yule kuna tofauti gani, tena shemeji karibu atapewa ukuu wa idara, watoto watasoma shule nzuri. Kifutio aliondoka bila kuaga. Dada huyohuyo alikaa naye miezi saba akimwona anavyoumiza kichwa kwa kanuni zile! Kuanzia siku hiyo kinyongo chake hakikuwa cha mtu mmoja.

Jumanne, siku mbili kabla ya wateja kuja kuonyeshwa kompaila, alipitia mabadiliko ya mwisho, akayasoma mara mbili. Shemeji alikuwa amegusa kanuni ya thelathini.

Kanuni hiyo ilihusu namba inayogawanywa kwa kumi na mbili kisha kuzidishwa kwa kumi na mbili. Ukimuuliza mtu njiani atakuambia umerudi ulikoanzia. Si kweli. Mashine ikigawanya namba kamili hutupa baki. Ishirini na tano kwa kumi na mbili ni mbili, na mbili mara kumi na mbili ni ishirini na nne. Ile moja imekwenda na maji. Ndiyo maana Kifutio aliweka sharti: futa pale tu inapojulikana kwa hakika kwamba hakuna baki. Shemeji aliliondoa. Bila sharti kanuni ilifuta kila mahali, na majedwali yake ya kasi yakapendeza.

Mkono wa Kifutio ulikwenda kwenye simu ili amwonye, ukasita. Asubuhi hiyohiyo shemeji alikuwa amemletea orodha ya namba za kupima, zote za dazeni kamili, na kumwambia mbele ya watu, "Shemeji, pima nilichokuandikia. Kufikiri tuachie sisi." Wenzake walicheka, wengine kwa kujikomba. Basi akapima alichoandikiwa. Kila namba ilipita. Akasaini, na jioni alikula akashiba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Alhamisi saa nne asubuhi wateja walifika, watu wanne wa kiwanda cha kufungasha juisi, wakasimama nyuma ya wavu wa chuma. Mbele yao kulikuwa na mkanda, kreti na mkono wa chuma. Programu iliyopitishwa kwenye kompaila ile ilihesabu chupa za kioo kwenye mkanda, ikaagiza kreti za chupa kumi na mbili kumi na mbili, kisha ikagawanya na kuzidisha ili mkono uchukue zile tu zinazojaza kreti. Zinazobaki zingoje mzigo unaofuata.

Bosi mwenye kampuni, mama mfupi asiyependa maneno mengi, aliuliza kazi ni ya nani.

"Yangu, mama," shemeji alijibu. "Kanuni zote arobaini na moja, mstari kwa mstari."

Kifutio ndiye aliyetumwa kupanga chupa. Alipanga mia moja arobaini na nne kama alivyoagizwa. Kisha akatoa nyingine kwenye boksi, akaiweka mwisho wa mkanda mbele ya macho ya kila mtu, akarudi nyuma.

Mkono ulijaza kreti kumi na mbili bila kosa, wateja wakaanza kuitikia kwa vichwa, wameridhika. Halafu ukarudi kwenye mkanda. Ukaibeba ile moja, ukatafuta kreti ya kumi na tatu ambayo haikuagizwa, ukaishusha juu ya kreti iliyojaa kwa nguvu zake zote. Vioo vilipasuka. Juisi iliruka hadi kwenye shati la shemeji, na mkono ukaendelea kukandamiza mpaka fundi alipozima umeme.

Shemeji alijifuta uso. Akamnyooshea kidole Kifutio bila hata kupepesa macho. "Kanuni hiyo aliiandika huyu."

Bosi alifungua kumbukumbu za mabadiliko kwenye skrini kubwa.

"Jina langu halimo humo, shemeji," Kifutio alisema taratibu. "Uliliondoa mwenyewe, mstari kwa mstari. Hata sharti lililofutwa Jumatatu, aliyefuta ni wewe."

Bosi alisoma mpaka mwisho. Alimuuliza Kifutio kama anaweza kurekebisha. Kifutio alisema ni mstari mmoja, ila safari hii utaingia kwa jina lake, pamoja na ile mingine yote. Bosi aliitikia kwa kichwa, akamwambia shemeji aache kadi ya mlango mezani.

Simu ya Kifutio ilitetemeka. Alikuwa dada yake. Aliigeuza kifudifudi, akaandika ule mstari, akaandika na jina lake.

Walifagia vioo, wakapanga tena chupa mia moja arobaini na tano. Mkono ulijaza kreti kumi na mbili ukatulia, na chupa moja ikabaki kwenye mkanda. Shemeji alikuwa bado mlangoni, boksi la vitu vyake kifuani. Kifutio aliichukua ile chupa, akaifungua, akainywa yote huku akimtazama. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Simu ilikuwa bado inatetemeka mezani.