Vichanja vya Ilagala

"Wi a hepi tu risivu yu," alisema Winfrida, huku akiwakusanya kwa ufagio dagaa waliokwisha kukauka upande mmoja. "Wi a redi tu weki. Wi a praudi tu sho yu awa raks."

Rozalia, aliyekuwa amepiga magoti upande wa pili akichambua mawe, alicheka mpaka akakohoa. "Mawee! Mama Mwenyekiti, hao dagaa wataamka wakuitikie yesi."

"Cheka tu. Kesho wafadhili wakija, wewe kazi yako ni kupiga makofi. Mimi ndiye nitakayejiuma ulimi."

Sentensi hizo aliziandika Bariki, afisa wa mradi, kwenye daftari la kurasa arobaini. Aliziandika kwa herufi za Kiswahili ili Winfrida azisome bila taabu, na chini ya kila moja akaweka maana yake: Tuna furaha kuwapokea. Tuko tayari kufanya kazi. Tunaona fahari kuwaonyesha vichanja vyetu. Winfrida alizikariri wiki nzima, kwenye mchanga, jikoni, hata kwenye foleni ya maji. Na tuseme ukweli, alizipenda. Unataja kwanza moyo ulivyo, kisha tendo linafuata nyuma kama mtoto na mama yake. Ila aliona kwamba katika daftari lile mioyo yote ilikuwa na furaha.

Kilichokosekana ni vichanja vyenyewe.

Mwaka mmoja nyuma, mradi uliahidi kuwaletea kina mama wa mwalo wa Kibirizi vichanja hamsini, meza za miti na wavu wa chuma ambapo dagaa hukauka bila kugusa ardhi. Winfrida ndiye aliyewashawishi wenzake thelathini na wawili waingie kwenye kikundi. Walisaini, wakapigwa picha, wakangoja. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi likafunguliwa, mwezi wa kumi ukaingia, nao walikuwa bado wanaanika mchangani. Mnunuzi akija hutafuna dagaa mmoja. Mchanga ukilia kwenye jino, anasogea kwa mwingine. Na sasa mawingu yalikuwa yakikaa kila alasiri juu ya milima ya Kongo. Mvua ikiwakuta dagaa mchangani, wanakuwa chakula cha kuku.

Mchana ule boti ilitia nanga. Ilikuwa imejaa vichanja.

Kina mama walipiga vigelegele hadi wavuvi waliokuwa wamelala wakatoka nje. Winfrida aliingia majini kwa miguu, akashika mguu wa kichanja cha kwanza kama anayemshika mkono ndugu aliyepotea. Ndipo alipoona kipande cha kitenge cha kijani kimefungwa kwenye mti wake. Kila mwanika dagaa wa ziwa hili huweka alama hivyo, kichanja chake kisigombaniwe. Kitenge kilikuwa kimepauka kwa jua la miezi mingi, na kwenye wavu magamba ya dagaa yalikuwa bado yamenata.

"Hivi vimetoka wapi?" alimuuliza Heritier, mwenye boti.

"Ilagala, mama. Ni vya kina mama wa kule. Kesho wageni wakiondoka navirudisha."

"Na wao leo wanaanika wapi?"

Heritier alitazama maji. "Chini."

Rozalia aliacha kupiga vigelegele. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema, na safari hii hakucheka.

Winfrida alimfuata Bariki alipokuwa akipima mistari ya kuvipanga. Kijana huyo hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mama yangu, ni maonyesho tu. Mgeni akiridhika, awamu ya pili inapita, na vichanja vyenu vinakuja humo humo. Ukiharibu, watakaokosa ni ninyi."

"Mwaka jana ulisema vipo njiani."

"Njia ni ndefu, mama."

"Basi kesho namwambia mgeni kwa Kiswahili."

"Mwambie tu," alisema Bariki kwa upole, akakunja futi yake. "Mkalimani ni mimi."

Alasiri hiyo Winfrida alikwenda Ujiji, Kasingirima, kwa Mwalimu Saidi, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mkewe, Bi Yasmini, alitandika mkeka, akaleta chai, maandazi, na samaki wa kukaanga, migebuka.

"Utatusamehe, mgeni," alisema. "Leo hatuna kitu."

"Hata, mmenikirimu," alijibu Winfrida, akala akashiba.

Alimweleza mwalimu yote. "Shikamoo yangu ya leo ina ombi. Niandikie kwa Kiingereza: vichanja si vyetu."

Mwalimu Saidi alivua miwani. "Nikikuandikia hivyo, watauliza nani kakufundisha. Mwanangu Omari ni dereva wa mradi huo huo."

Winfrida aliweka kikombe chini. Alimwonea hasira, na papo hapo akamwonea huruma, maana yeye mwenyewe ana watoto.

"Lakini moyo wako ulivyo unaweza kuusema," mwalimu aliendelea. "Mtu hafukuzwi kazi kwa sababu ya moyo wa mwenzake. Lete daftari. Hapa ondoa hepi, weka asheimdi. Aibu. Hapa ondoa redi, weka afreidi. Woga. Na weki iwe spiki, kusema; ile ya praudi ifute. Mengine yanabaki palepale."

"Ni kazi ndogo hivyo?"

"Ndogo sana. Furaha, aibu, woga, vyote vinakalia kiti kimoja. Na hii ya mwisho ni ya nyongeza: it iz hadi tu drai fishi on sendi. Ni vigumu kukausha samaki mchangani. Mzungu mwenye akili akisikia hiyo, atauliza. Akiuliza, nyoosha kidole. Kidole hakihitaji mkalimani."

Alirudi Kibirizi akizisema njia nzima.

Wageni walifika saa nne asubuhi siku ya pili. Mkubwa wao, mama aitwaye Catherine, alikuwa na mvi na viatu vya kufungwa, akampa mkono kila mwanamke, hata wenye mikono yenye magamba. Vichanja vya Ilagala vilisimama safu tano, dagaa wa Kibirizi wakimetameta juu yake. Winfrida aliitwa mbele. Alifunga kitenge chake upya, akamtazama Catherine machoni.

"Wi a asheimdi tu risivu yu," alisema.

Makofi yaliyokuwa tayari mikononi mwa watu yalisita. Bariki aliinua kichwa.

"Wi a afreidi tu spiki. It iz hadi tu drai fishi on sendi." Akanyoosha kidole: si kwenye vichanja, bali nyuma yake, kwenye mchanga uliofagiliwa, wenye alama za fagio za mwaka mzima.

Catherine alikunja uso. Aliuliza jambo. Aliuliza kweli, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, na Winfrida akahisi kifua kinafunguka. Lakini alimuuliza Bariki.

Bariki alijibu kwa Kiingereza kirefu, akicheka kidogo, mkono kifuani, akainama kama mtu anayekaribisha. Uso wa Catherine ulilainika taratibu. Machozi yakamlengalenga. Alitoa kikaratasi mfukoni, akasoma silabi kwa silabi:

"Ni-na fu-ra-ha ku-wa ha-pa."

Makofi yakalipuka. Catherine alimkumbatia Winfrida, na kwa juu ya bega lake Winfrida alikiona kikaratasi mkononi mwa mgeni. Aliujua mwandiko ule. Ndio uliokuwa kwenye daftari lake.

"Umemwambia nini?" alimuuliza Bariki magari yalipoondoka.

"Ukweli, mama. Kwamba huku kwetu mwenyeji hujishusha. Hata akikupikia kuku, anasema utatusamehe, hatuna kitu. Amefurahi mno. Umefanya vizuri kuliko tulivyopanga."

Winfrida alitafuta uongo katika maneno yale asiuone, na hapo ndipo palipomuuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Hawakusema mwenyeji yupi.

Saa nane Heritier alirudisha boti ufukweni. Ili vichanja viondoke, kina mama waliwamwaga dagaa mchangani, palepale walipokuwa wamenyanyuliwa asubuhi. Hakuna aliyemlaumu Winfrida. Wangemlaumu ingekuwa nafuu.

Alikitafuta kichanja chenye kitenge cha kijani, akachana ukingo wa kitenge chake mwenyewe, chekundu, akaufunga kando ya kile kingine. Alikaza mafundo mawili.

"Unaweka alama ya nini, mama?" aliuliza Heritier. "Si chako hicho."

"Najua."

"Mwenyewe akiuliza nimwambie nini?"

Winfrida alifikiri. Alikuwa na sentensi tatu za Kiingereza, na hii moja ya Kiswahili, ya kuomba radhi, ilikataa kutoka.

"Mwambie dagaa walikauka vizuri," alisema.

Boti iliondoka kuelekea kusini, nyavu za vichanja zikiwa tupu, vitambaa viwili vikipigwa na upepo. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia Winfrida mkononi. Nyuma yake Rozalia alikuwa tayari anakimbia na beseni.